Mstari Alioruka Shehe bin Seif

Shehe bin Seif bin Mwinyimkuu bin Kombo, mpiga mbiu wa Karagwe. Kombo alivuka Malagarasi amebeba mzigo wa mwenzake aliyefia njiani, akaufikisha kwa mwenyewe bila kuufungua. Mwinyimkuu alijenga Kafuro nyumba ya kwanza ya pembe nne, watu wakaja kuizunguka wakishangaa mbona ina kona. Seif alinunua meno ya tembo mpaka tembo wakaisha upande huu wa mto Kagera, akafa na meno mawili chini ya kitanda. Na Shehe mwenyewe, babu yangu mzaa mama, alimeza damu ya mtu kwa ajili ya wanyama, akaruka mstari mmoja wa waraka, na mstari huo ndio uliomla.

Nayaandika kama alivyonisimulia mama yangu, Mwaja binti Shehe, ambaye hakuwa mtu wa kutia chumvi. Wapo watu hapa Omurushaka, wamekaa kwenye baraza za maduka yao, wanasema Shehe alikuwa mtu wa Wajerumani na kwamba aliwauzia bonde la Nyakagoye. Hawakuwapo. Baba zao pia hawakuwapo. Siku hizo hapa Omurushaka palikuwa vichaka vitupu, hata banda la kuuzia chumvi hapakuwa. Mama yangu alikuwapo.

Shehe alizaliwa Kafuro, mama yake Mnyambo wa Kiruruma. Kinyambo alikipata jikoni kwa mama, Kiswahili barazani kwa baba, na herufi za Kiarabu alizipata kwa fimbo. Alikuwa ameshaota ndevu ilipoingia sotoka. Mwaka ule ng'ombe walikufa hadi watu wakakosa nguvu ya kuwafukia. Maradhi yakaingia porini, nyati wakaanguka ndani ya mafunjo, na tai wakashiba mpaka wakawa wanatembea kwa miguu kama kuku. Njaa ilipofuata, kilichokuwa kimebaki hai kililiwa. Wawindaji wa nyavu wakaingia kila bonde na mbwa wao wenye njuga shingoni. Hakuna wa kuwalaumu. Mwenye mtoto anayelia hawezi kumhesabia swala siku zake.

Shehe akafungua kiduka Kiruruma, chumvi na kaniki. Serikali ya Wajerumani ilipohitaji mtu wa kuwasomea watu nyaraka zake, ikamchukua yeye. Alipewa ngoma, kofia nyekundu, na maneno.

Waraka wa wanyama ulikuja miaka michache baada ya sotoka. Ulisema: wanyama wa porini ni mali ya Serikali. Marufuku nyavu, marufuku mashimo, marufuku kuchoma nyasi. Tembo asiguswe. Atakayeshikwa, hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano mgongoni.

Shehe akapiga ngoma gulioni Kiruruma, watu wakasogea, akausoma. Alipomaliza, mwanamke mmoja muuza maharage, Kokubanza, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto, akasimama na ungo wake kiunoni.

"Iwe, wewe Mswahili!" akasema. "Baba yako Seif si ndiye aliyemaliza tembo?"

"Ndiye, mama."

"Baba kabeba meno yote, mwana kaja kulilia mikia!"

Gulio zima likacheka. Mzee mmoja akauliza kama nyani nao ni mali ya Serikali, maana kama ni wake, basi Serikali ije iwafukuze mahindini. Shehe akaikunja karatasi. Wiki hiyo hiyo watu wawili walishikwa wakiwa na wavu, wakachapwa, na yeye ndiye aliyeitwa kutangaza makosa yao. Alirudi nyumbani, akaiweka ile ngoma kifudifudi, akakataa chakula.

Alisoma tena gulio la pili, akasoma la tatu. Nyavu hazikupungua, watu wakajifunza tu kuzificha.

Basi akaenda kwa Rwabugahya. Huyu alikuwa kiongozi wa wawindaji wa nyavu, mtu mrefu mwenye kovu la ngiri pajani, kibanja chake cha migomba kiko juu ya bonde la Nyakagoye, chini ya pale panapoitwa Songambele siku hizi, kuelekea mto Kagera. Mwenyeji alikuwa anakunywa rubisi, pombe ya ndizi. Mgeni Mwislamu akapewa maji ya ndizi yasiyochacha.

"Ngoma unaipiga vizuri," Rwabugahya akamwambia. "Maneno ndiyo mabovu."

"Maneno si yangu."

"Ndiyo maana ni mabovu." Akanywa, akafuta midomo. "Mimi ukoo wetu muziro wake ni pongo. Tangu nizaliwe sijaonja nyama yake. Akiingia kwenye wavu wangu namfungulia na kumwomba radhi. Ni askari gani ananisimamia?"

"Hakuna."

"Nimeshachapwa na nani kwa ajili ya pongo?"

"Hujachapwa."

"Haya. Kunywa maji yako ufikiri."

Shehe alifikiri, na hapo ndipo akili yake ilipomletea jambo jema lililokuja kuwa baya. Akasema, "Tulifanye bonde zima kuwa muziro. Wa koo zote. Miaka saba. Hakuna wavu, hakuna moto, hakuna mkuki, mpaka wanyama warudi."

Rwabugahya akacheka hadi rubisi ikampalia. "Muziro hauanzishwi na mwenye duka la chumvi!"

"Unaanzishwa na nani?"

"Na watu waliokufa zamani." Kisha akaacha kucheka. Alikuwa mwindaji, na alijua kuliko mtu yeyote kwamba bonde lilikuwa limebaki na panya. "Lakini," akasema, "kuna kumeza mwani."

Kumeza mwani ndiko kuchanjiana kwa watu wa huku. Mwani kwao ni punje ya kahawa, na tunda moja lina punje mbili zilizolala pamoja kama pacha. Kila mmoja huchanjwa tumboni karibu na kitovu, punje ikapakwa damu yake, akaimeza mwenzake. Toka hapo wao ni wanywani. Mnywani hadanganywi. Ukimdanganya, ile punje uliyoimeza inaamka tumboni na kuvimba, na hakuna dawa.

"Watu wangu hawataifuata karatasi," Rwabugahya akasema. "Watanifuata mimi kama nimemeza. Nimmezee nani? Boma halina tumbo la kuchanjwa. Wewe unalo."

Mama alikuwa akifika hapa anasimama kidogo. Kwetu damu ni haramu, kila mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Shehe alijua. Akasema atameza.

"Subiri," Rwabugahya akasema. "Na wenye bunduki? Hao wazungu wako, nao watakaa nje ya bonde?"

"Sheria ni ya wote."

"Karatasi inasema hivyo?"

Sasa mstari wenyewe ni huu. Chini kabisa ya waraka, baada ya viboko, paliandikwa: *Isipokuwa mwenye cheti cha Serikali.* Shehe hakuwahi kuusoma mstari huo gulioni hata siku moja. Mwanzo aliuruka kwa kuona hauna kazi, maana nani Karagwe aliwahi kuona cheti? Baadaye aliuruka kwa sababu alimjua Kokubanza na ulimi wake. Na siku ile, mbele ya mtu aliyekuwa ameshashika wembe, aliuruka kwa sababu alitaka sana wanyama warudi. Alikuwa akikumbuka sauti ya tembo utotoni, wakipita nyuma ya nyumba ya Kafuro, na baba yake akiinuka mkekani kwa furaha. Alitaka kuisikia sauti hiyo nyumbani kwa mtu asiyenunua meno.

"Inasema hivyo," akajibu.

Wakachanjana. Wakameza.

Bibi yangu Mwanahalima, mkewe, aliona jeraha kitovuni akalijua. "Umekula damu, Shehe. Utasali vipi?"

"Nitasali kama jana. Mungu ataniuliza mimi, hatakuuliza wewe."

"Basi bakuli lako utakula nalo mwenyewe." Akamtengea bakuli na kata yake ya maji mwezi mzima.

Toka hapo Shehe aliiacha ngoma nyumbani. Alikuwa anapita kibanja kwa kibanja, watu wakichambua maharage, wakikamua ndizi, naye anakaa na kuchambua pia. Anauliza, "Nani hapa amewahi kumwona pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe?" Wazee wanainua mikono. "Na nyinyi watoto?" Hakuna mkono. "Mnaona? Mama zenu wamewanyima hadithi, si nyama tu." Kisha anasimama, mtu mzima na kanzu yake, anatembea kama pofu, shingo inaning'inia, magoti yanalia *ko, ko*. Watoto wanagaragara. Anawaambia mnyama aliyefukuzwa anarudi kama mtu aliyegombana na wakwe: kwanza anasimama mbali, anatazama, akiona mbwa anaondoka. Kwa hiyo mbwa wafungwe. Nyasi za kuezekea zikatwe upande wa juu tu. Moto uwashwe mvua ya kwanza ikishanyesha, wala si kabla.

Hakutaja viboko tena. Alitaja kwamba Rwabugahya amemeza, nao wakaelewa.

Hata Kokubanza alikubali, kwa namna yake. "Mswahili," alimwambia siku moja gulioni, "wewe ukicheza pofu unapendeza kuliko ukisoma. Serikali ikulipe kwa makalio." Shehe akasema atapeleka maombi hayo kwa Bwana Shauri, mkubwa wa Boma.

Nyavu zilitundikwa darini juu ya meko, moshi ukazila zikawa nyeusi. Miaka ikapita. Mwaka wa tatu walionekana tohe. Wa nne, topi na nyati saba. Chui akala mbuzi wawili wa Rwabugahya, mzee akatazama damu kizingitini akasema, "Kuleni. Mimi nimemeza." Wa tano, tembo walivuka Kagera, jike mmoja mbele, wakalala kibanja cha Rwabugahya wakamaliza migomba nusu. Wanawe wakashika mikuki. Baba yao akasimama mlangoni akawazuia kwa mwili wake. Njaa waliyoipata mwaka ule ilikuwa ya kweli. Shehe aliwapelekea chumvi na mtama, akakaa nje usiku ule ule na mnywani wake wakisikiliza tembo wakitafuna. Mama alisema baba yake alirudi macho mekundu, anacheka peke yake.

Jambo moja wanyama wale walilipoteza, nalo ni woga. Miaka sita hakuna aliyewakimbiza. Topi walisimama wakatazama mtu kama wanavyotazama ng'ombe.

Mwaka wa sita huo, kiangazi, wakaja Wazungu wawili na wapagazi arobaini. Habari za bonde zilikuwa zimefika mbali. Majina yao hayakunifikia, na hata yangenifikia nisingeyapa wino wangu. Walikuja na barua ya Bwana Shauri kwa Shehe: awaonyeshe njia ya Nyakagoye. Shehe akawaomba kwa adabu karatasi yao. Mmoja akaikunjua. Juu yake pameandikwa *Cheti*.

Angeweza kukataa. Mama hakunificha hili. Aliogopa viboko, aliogopa kofia nyekundu kuchukuliwa, na tena alijidanganya kwamba akienda nao ataweza kuwapitisha kandokando. Akavaa kanzu akatangulia.

Rwabugahya alikuwa amekaa juu ya kichuguu mdomoni mwa bonde, kama mtu aliyeambiwa. Aliinuka.

"Mnywani, habari ya nyumbani?"

"Nzuri."

"Mama Mwaja hajambo?"

"Hajambo."

"Wageni wako wanakwenda wapi?"

Shehe akageuka nyuma. Bunduki zilikuwa zinatolewa kwenye mifuko.

"Nimekuuliza, mnywani."

"Wana cheti," Shehe akasema.

"Cheti ni nini?"

Ndipo babu yangu, mbele ya wapagazi na mbwa, akausoma ule mstari kwa mara ya kwanza kwa sauti. Aliusoma bila karatasi, maana miaka yote sita alikuwa anaujua kwa moyo.

Rwabugahya hakupiga kelele. Alilishika tumbo lake pale kwenye kovu la wembe, akalitazama, kisha akalitazama la Shehe. "Kwa hiyo ulijua," akasema. "Tangu tulipokuwa na wembe." Akapita katikati ya wapagazi akapanda kibanjani kwake.

Siku tatu. Topi walisimama na kutazama, wakaanguka wakitazama. Yule tembo jike, aliyekuwa wa kwanza kuvuka mto, alipigwa akiwa na mtoto, na meno yake yalikuwa madogo hata Wazungu wenyewe wakayacheka. Walichukua vichwa na ngozi, nyama wakaiacha ioze, maana wapagazi waliobeba vichwa hawakuweza kubeba na nyama. Wawili kati ya wapagazi hao walikuwa wana wa Rwabugahya, waliokamatwa njiani wakabebeshwa. Wale wale waliozuiwa wasiguse tembo aliyewalia migomba, walibeba meno yake.

Wazungu walipoondoka, watu waliteremsha nyavu. Nani angewazuia, na kwa maneno gani? Waliingia Nyakagoye na moto pande zote mbili, wakamaliza kilichobaki, hata pongo, na watu wa ukoo wa pongo wakageuza nyuso. Shehe alisimama njiani amenyoosha mikono. Kokubanza alipita na kapu la nyama kichwani, hakutukana. Alisema tu, "Tupishe, baba," kwa upole, na mama alisema upole ule ulimuumiza baba yake kuliko matusi yote.

Kisha askari wakaja kuuliza ni nani aliyevunja sheria. Walimchukua kiongozi wa wawindaji. Rwabugahya hakuwa ameingia bondeni. Wavu wake ulikuwa bado darini, mweusi, unanuka moshi, askari waliuona kwa macho yao. Lakini walitaka mtu wa kuchapa. Alichapwa hamsa ishirini, na Shehe akaitwa atangaze kosa.

Alikwenda. Alisimama, akaivua kofia nyekundu, akaiweka juu ya ngoma, akasema, "Mtu huyu hana kosa. Kosa ni langu." Wakamchapa na yeye kwa hilo, kumi na tano, wakampokonya kazi. Kama alidhani viboko vitawapatanisha, vilikuwa vichache. Rwabugahya alirudi kwa machela, akaishi miezi minne. Shehe alikwenda kila Ijumaa baada ya sala, akakaa ukingoni mwa kibanja, kwenye migomba iliyoliwa na tembo, wala hakuitwa ndani. Ijumaa moja alikuta wanalia. Mnywani ndiye anayestahili kumlaza mnywani wake kaburini. Wanawe walimwambia arudi alikotoka.

Baada ya hapo tumbo la Shehe lilianza kuvimba. Daktari pengine angelipa jina. Watu hawakuhitaji daktari. Walilihesabia mwezi kwa mwezi, na watoto waliogaragara zamani kwa pofu wake sasa walikuwa vijana, walikuwa wanavuka njia wasikutane naye. Mwanahalima, ambaye alikuwa amemtengea bakuli, alimlisha kwa mkono wake, katika bakuli alilokula yeye mwenyewe.

Ilikuwa mwaka mmoja au miwili kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Mama yangu Mwaja alikuwa na miaka kama kumi na sita, anasoma herufi za baba yake vizuri. Alasiri moja Shehe akamwita, akamwambia aupasue mshono wa mto wa kulalia. Ndani mlikuwa na waraka, umekunjwa mara nne.

"Soma," akasema.

Mwaja akasoma. Wanyama, nyavu, mashimo, moto, tembo, viboko. Alipofika chini sauti ikapungua.

"Usipunguze. Hapo ndipo pa kupandisha."

"*Isipokuwa mwenye cheti cha Serikali.*"

"Tena."

Akarudia.

"Sasa utakwenda kibanja kwa kibanja," Shehe akasema, "kila mahali nilikocheza pofu. Usibebe ngoma. Kaa chini, chambua nao maharage, kisha wasomee karatasi yote. Mstari huo usome mara mbili. Uwaambie Shehe aliujua."

"Watanifukuza, baba."

"Watakufukuza. Kesho yake utarudi, maana hujawaambia la pili. La pili ni hili: wanyama walirudi. Hilo sikuwadanganya. Hawakurudi kwa karatasi wala kwa viboko. Walirudi kwa sababu Rwabugahya na wenzake walitundika nyavu wakavumilia njaa. Wasije wakasahau kwamba waliweza. Watakaowaambia baadaye kwamba watu wa huku hawajui kutunza pori, wawe na la kuwajibu."

Mwaja akaukunja waraka. "Nianzie wapi?"

"Kwa Rwabugahya."

"Wale walikufukuza kaburini, baba. Wakinipiga?"

Shehe akageuza tumbo lake kwa mikono miwili, kama mtu anayehamisha mzigo wa mwenzake, akatazama ukuta.

"Kwanza waamkie," akasema. "Shikamoo kwa mjane. Halafu soma mpaka mwisho."